Askari Awape Watoto Wake Siku ya Kukumbuka

Kila aliyevaa sare ajua kwamba kazi ya ulinzi haina saa wala sikukuu. Wananchi wakilala, askari yu lindoni. Wananchi wakila Krismasi au Idi, askari yu barabarani akihakikisha kwamba wanakula kwa amani. Jambo hilo husifiwa kila mwaka katika hotuba, na ni haki lisifiwe. Lakini kuna upande mmoja ambao hotuba haziugusi, nao ni upande wa mtoto wa askari. Wako watoto wengi wanaokua wakimjua baba yao, au mama yao, kama mgeni: mtu ajaye usiku na begi, akakaa siku chache, kisha akaondoka alfajiri kabla hawajaamka. Leo twataka kulisema jambo hilo waziwazi, kwa maana twaamini kwamba dawa yake ipo, nayo si ghali.

Dawa yenyewe ni mila ya nyumbani. Hatusemi mila kubwa za kabila zenye ngoma na wazee wengi. Twasema safari moja fupi, au kazi moja ndogo, ambayo familia huifanya pamoja kila mwaka, kwa namna ile ile, hata watoto wakaingoja na wakaihesabu kuwa mali yao. Mila ya namna hii ina nguvu kuliko zawadi. Zawadi huvunjika au huchakaa, lakini siku iliyorudiwa mwaka baada ya mwaka hukaa ndani ya mtu mpaka uzeeni.

Tutazame majira ya vuli. Kwa watu wa pwani, vuli ni mvua zinyeshazo tangu Oktoba hadi Desemba. Na neno hilo hilo hutumika kuyataja majira ya nchi za kaskazini, Septemba hadi Novemba, ambapo mchana hufupika, rangi ya kijani hutoweka katika majani ya miti, na rangi za manjano na nyekundu hutokeza kabla majani hayajapukutika. Huko kaskazini hayo ndiyo majira ya familia kutoka pamoja. Wamarekani huwapeleka watoto mashambani kuchuma matufaha na kuchagua maboga. Wajapani huenda milimani kuyatazama majani mekundu. Lakini mfano ulio karibu zaidi na askari, kwa maoni yetu, ni ule wa Wakorea.

Jina la Korea si geni katika kambi zetu. Mpaka ushirikiano huo ulipokomeshwa mwaka 2016, wakufunzi kutoka Korea ya Kaskazini walikuwa wakiwafunza wanajeshi na polisi wa Uganda. Na wako askari wetu waliojifunza taekwondo, mchezo wa Kikorea. Korea ya Kusini nayo ni nchi ambayo kila kijana wa kiume mwenye afya hupaswa kutumikia jeshi, kwa muda wa miezi 18 hivi katika jeshi la nchi kavu. Hivyo karibu kila nyumba ya huko yajua maana ya kiti kitupu mezani.

Katika nchi hiyo, siku ya 15 ya mwezi wa nane kwa hesabu ya mwezi mwandamo ni siku ya Chuseok, sikukuu ya mavuno, ambayo mara nyingi huangukia Septemba au mwanzoni mwa Oktoba. Serikali hutoa siku tatu za mapumziko, na barabara zote hujaa magari ya watu warudio kwao. Kabla ya siku hiyo, jamaa huenda kufyeka majani yaliyoota juu ya makaburi ya wazee wao. Nyumbani, wakubwa kwa wadogo huketi pamoja kutengeneza songpyeon, vitumbua vya unga wa mchele vyenye umbo la nusu mwezi, vilivyotiwa ufuta, kunde au njugu ndani yake, vikapikwa kwa mvuke juu ya majani ya msonobari. Wazee huwaambia watoto kwamba atakayetengeneza vizuri atapata mwenzi mzuri, au binti mzuri. Watoto hucheka, hubishana, na hushindana. Mwakani husikia maneno hayo hayo tena, na hucheka tena.

Mtu asiyejua aweza kudhani kwamba hayo ni mambo ya mchezo. Historia ya nchi hiyo yaonyesha kwamba sivyo. Vita vya mwaka 1950 hadi 1953 viliukaza mgawanyiko wa Korea, na mamilioni ya watu walitengana na jamaa zao katika vurugu za kukimbia. Wengine walikuwa watoto wadogo sana. Tarehe 30 Juni 1983, shirika la utangazaji la KBS lilianza kipindi cha televisheni cha kuwatafutia watu jamaa zao. Kipindi hicho kilipangwa kwa dakika 95. Watu walifurika mno, wakibeba mabango yenye majina na habari zao, na kuta za jengo la shirika hilo zikafunikwa kwa karatasi za kutafuta ndugu; kikaendelea kwa siku 138, mpaka Novemba mwaka huo, jumla ya saa 453 na dakika 45. Familia zaidi ya 10,000 zilikutana. Mwaka 2015, kumbukumbu za kipindi hicho ziliandikishwa na UNESCO katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia.

Tuulize basi: mtu aliyetengana na dada yake akiwa mtoto, akaonana naye baada ya miaka 30, atamtambuaje? Sura imebadilika, na pengine hata jina. Wengi walitambuana kwa kuulizana habari za nyumbani: kovu la utotoni, jina la kubembelezea, hali ya kijiji, mambo madogo ambayo hakuna mtu wa nje angeweza kuyajua. Kumbukumbu ndogo za nyumbani ndizo zilizokuwa hati ya undugu. Nao waliotoka Kaskazini, ambao hawawezi kuyafikia makaburi ya wazazi wao, huenda siku ya Chuseok mahali paitwapo Imjingak, karibu na mpaka, ambapo mwaka 1985 ilijengwa madhabahu, wakaelekeza nyuso zao kaskazini na kuinama kwa heshima. Mahali pamekatazwa, lakini mila haikukatika.

Tumeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu askari ndiye mtu wa kwanza kujua jinsi watu wanavyotengana ghafla. Ameona barabara zilizojaa wakimbizi, na amewahi kumshika mkono mtoto aliyepotea, asiyeweza kusema ila jina la utani la mama yake. Basi na ajiulize: mtoto wangu mimi, akiulizwa baba yako ni nani, atajibu nini zaidi ya cheo na namba ya kikosi?

Sasa turudi kwetu. Hatuna majira ya majani kupukutika, lakini vuli yetu tunayo, nayo imejaa mambo ya kufanya. Katika Buganda mwezi wa Novemba huitwa Musenene, kwa sababu ndio mwezi wa senene. Mvua ikinyesha, senene huruka usiku kwa makundi makubwa, wakifuata mwanga. Na alfajiri huonekana katika majani, wa kijani na wa hudhurungi. Tangu zamani wanawake na watoto walitoka kuwaokota, na ilikuwa desturi kwamba mke aliyemkusanyia mumewe senene hutazamia kupewa gomesi mpya. Wenzetu wa Bukoba, ng'ambo ya mpaka, nao wanawapenda kama sisi. Upande wa kaskazini wa nchi, watoto wa Acholi na Lango hungoja kumbikumbi penye kichuguu mvua ikisha kunyesha. Kila upande una chake.

Mtazame baba aliyetoka na watoto wake asubuhi ya namna hiyo. Miguu imelowa umande, mkubwa ameshika chombo, mdogo anapiga kelele kila anapomkamata mmoja. Wakirudi, wote huketi kuwanyofoa mabawa na miguu, kazi ambayo haiwezi kuharakishwa, na mikono ikiwa na kazi midomo hufunguka. Hapo mtoto huuliza kwa nini rafiki yake wa jirani hawali senene. Naye baba humweleza kwamba rafiki huyo ni wa ukoo wa Nsenene, na mtu hali mwiko wa ukoo wake. Kwa swali moja amefundishwa ukoo, heshima kwa jirani, na habari za babu zake. Kisha senene hukaangwa kwa mafuta yao wenyewe, pamoja na kitunguu na chumvi, na harufu hiyo haitamtoka puani hata akizeeka.

Twajua kwamba mambo yamebadilika. Siku hizi, Masaka na kwingineko, senene hunaswa kwa taa kali za umeme, mabati na mapipa, wakapelekwa sokoni kwa magunia. Vichaka vimefyekwa, na mtoto wa kambini huwajua senene kama kitu kinachopimwa kwa kikombe na kuuzwa penye kituo cha mabasi. Biashara hiyo ni riziki ya watu, nasi hatuilaumu. Lakini kununua kikombe si mila. Ikiwa senene hawapatikani mahali askari alipo, basi achague jambo jingine: kupanda mti mmoja kila mvua za vuli, kwenda kuvua samaki, kupanda kilima kilicho karibu, au kwenda kwa nyanya kusaidia kuvuna maharage. Lililo muhimu ni kwamba lifanywe kwa mikono, lifanywe pamoja, na lirudiwe.

Hapa tutasikia sauti kutoka mabwenini. Wa kwanza atasema: afande, likizo sipati. Ni kweli kwamba likizo ni chache, na kwamba mwisho wa mwaka ndio wakati ambao polisi na wanajeshi hutakiwa kazini kuliko wakati wowote. Lakini ndiyo sababu sisi twasema askari asiifunge furaha ya watoto wake katika tarehe 25 Desemba, tarehe ambayo pengine hatakuwa nayo kwa miaka yote ya utumishi wake. Chuseok yenyewe huhamahama kwa kufuata mwezi. Mila ya nyumba ya askari nayo iruhusiwe kuhama: siku ya kwanza ya likizo yake, iwe Oktoba au Februari, ndiyo siku ya matembezi. Watoto hawatajali kalenda, maadamu wajua kwamba siku yao yaja.

Wa pili atasema: fedha sina. Tumwulize kwa upole likizo iliyopita alitumia kiasi gani kilabuni siku ya kwanza, akiwasimulia marafiki habari ambazo watoto wake hawajapata kuzisikia. Kutembea hadi mtoni hakuhitaji nauli. Mihogo ya kuchoma na chupa ya chai vyatosha.

Wa tatu ataleta neno zito zaidi: mimi niko mbali, na sijui kama nitarudi. Tangu Machi 2007, wanajeshi wetu walipoanza kwenda Somalia, watoto wengi wa nchi hii wamejifunza kuhesabu miezi, na wako waliohesabu bure. Kwa huyu hatuna neno la kumtuliza kwa urahisi. Twasema tu kwamba mila iliyokwisha kuota mizizi haimhitaji baba awepo kila mwaka. Mama atawatoa watoto siku ile ile, watapita njia ile ile, na mmoja wao atasema, hapa ndipo baba alipoteleza tukacheka. Ikiwa baba yu hai, atasimuliwa kwa simu. Ikiwa amekufa kwa ajili ya nchi, mtoto atakuwa na kitu zaidi ya picha ukutani na bendera iliyokunjwa. Hili nalo lawahusu askari wanawake, ambao siku hizi ni wengi, na ambao watoto wao huachwa kwa bibi: siku ya mama yao nayo iwekwe na iheshimiwe.

Wajibu huu hata hivyo si wa askari peke yake. Makamanda na wakuu wa vituo nao wana sehemu yao. Orodha ya zamu haipaswi kuwabebesha watu wale wale lindo la sikukuu mwaka hadi mwaka, eti kwa kuwa hawalalamiki. Likizo ikisha kuidhinishwa, isifutwe ila kwa jambo zito. Na katika kambi yenye familia, si vigumu kutenga Jumamosi moja ya majira ya mvua ili wazazi na watoto watoke wakapande miti au wakatembee, pasipo gwaride wala hotuba. Kamanda afanyaye hivyo hapotezi siku ya kazi. Askari ambaye moyo wake umetulia nyumbani hukaa lindoni kwa utulivu. Na yule asiyejulikana na watoto wake hubeba uchungu ambao siku moja huweza kumwangukia raia asiye na kosa, au yeye mwenyewe.

Wahenga walisema kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Askari hana siku nyingi za kulea kama mkulima au mwalimu, na hizo chache alizo nazo asiziache zipite bila alama. Mvua za vuli zitarudi mwaka huu kama zilivyorudi miaka yote. Askari na achague siku yake mapema, awaambie watoto wake, na akisha kuwaambia asiivunje ahadi hiyo, kama asivyovunja amri ya kazi.