Mtandaoni wewe ni mpangaji tu, jenga kwako

Kabla hujaendelea kusoma, andika jina lako kamili kwenye Google. Umeona nini? Pengine ni akaunti ya Facebook uliyofungua ukiwa kidato cha pili, picha ya harusi ya binamu yako, na watu wengine watatu wenye jina kama lako. Sasa jiulize: mtu anayetaka kukupa kazi akitafuta hivyo hivyo, atajua unaweza kufanya nini?

Wengi wetu tunashinda mtandaoni mchana kutwa na kukesha humo usiku, lakini hatuna kwetu. Tunaishi kwa landilodi. TikTok ni ploti, Instagram ni ploti, X pia ni ploti. Unapamba ukuta, unaita wageni, unapiga kelele, ila ufunguo si wako. Landilodi akibadilisha sheria, unafuata. Akikufungia nje, vitu vyako vinabaki ndani na hujui hata umpigie nani simu.

Msimamo wangu ni huu: kila kijana anayetafuta riziki kwa ujuzi wake, awe kinyozi, mpiga picha, mwandishi, fundi wa umeme, dijei au mtu anayesaka kazi ya kwanza, anafaa kuwa na tovuti yake binafsi. Iwe ndogo, safi, na ibebe jina lake. Na aijenge mwenyewe. Siku hizi ziko zana ambazo unapanga ukurasa kwa macho na kidole, bila kujua msimbo wowote, na nyingi unaanza nazo bure.

Najua utaniuliza nini. "Buda, siku hizi nani anaingia kwa tovuti? Watu wote wako TikTok."

Ni kweli, hakuna mtu anayeamka asubuhi akiwa na hamu ya kutembelea tovuti yako. Lakini hujaambiwa uhame TikTok. Ichukulie kama matatu. Matatu inaleta watu mpaka steji, nao wakishuka lazima wawe na mahali pa kwenda. Video yako ikitazamwa na watu elfu kumi, mmoja wao atataka kujua wewe ni nani, umefanya kazi gani zingine na anakulipaje. Ukimwambia "angalia profaili yangu", atapita kwenye densi, siasa na picha za chakula, achoke, aondoke. Ukimpa kiungo cha ukurasa mmoja uliopangwa vizuri, atapata jibu kabla bando haijaisha.

Halafu hizi ploti hubomolewa. Waulize waliokuwa Vine, mtandao wa video za sekunde 6. Twitter, iliyokuwa ikiumiliki, ilitangaza Oktoba 2016 kwamba itaufunga, na Januari 2017 ukazimwa. Myspace nayo ilikiri mwaka wa 2019 kwamba kazi ambazo watumiaji waliweka huko kwa miaka mingi, zikiwemo nyimbo, zilipotea wakati wa kuhamisha seva. Hapa kwetu, Novemba 2023 na tena Novemba 2024, msimu wa mtihani wa KCSE, Wakenya wengi walihangaika kufungua Telegram. Kama biashara yako yote ilikuwa humo, ulifanya nini wiki hizo?

Kuna watu wanaodharau tovuti iliyojengwa kwa kuburuta picha. Wanasema hiyo ni kazi ya wavivu, eti mtu wa kweli huandika msimbo mwenyewe. Wanafaa wasome historia. Mwaka wa 1990, Tim Berners-Lee, yule Mwingereza aliyebuni wavuti akiwa CERN kule Geneva, alitengeneza kivinjari cha kwanza kabisa. Kilikuwa na uwezo wa kusoma kurasa na kuzihariri. Tangu mwanzo, msomaji alitarajiwa kuwa mwandishi pia. Vivinjari vilivyopata umaarufu baadaye ndivyo vilivyobakisha kusoma tu, na kuandika kukaachiwa wachache waliojua lugha ya HTML. Kwa hivyo ukijenga ukurasa kwa macho, huchukui njia ya panya. Unarudi kwa mpango wa kwanza.

Na Wakenya walishaonyesha uzito wa mtu kuwa na mahali pake pa kusema. Ushahidi, ile programu iliyokusanya taarifa za vurugu baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 na kuziweka kwenye ramani, ilianza Januari 2008 miongoni mwa wanablogu. Wakili Ory Okolloh aliomba kupitia blogu yake wataalamu wajitokeze wajenge ramani hiyo, na wakajitokeza. Hakuwa na kituo cha televisheni. Alikuwa na ukurasa wake na watu waliouamini.

Zana zenyewe zinafanyaje kazi? Unafungua akaunti, unachagua templeti, yaani ukurasa uliokwisha kupangwa, kisha unabadilisha vilivyomo. Bonyeza kichwa, andika chako. Bonyeza picha, weka yako. Unataka kitufe cha WhatsApp? Unakiburuta mpaka unapokitaka, unaweka kiungo, basi. Unachokiona unapopanga ndicho mgeni atakachokiona. Huku nyuma zana inakuandikia HTML bila kukusumbua. Hata WordPress, iliyoanza mwaka wa 2003 kama programu ya blogu, ilihamia mtindo wa kupanga ukurasa kwa vipande kama matofali Desemba 2018.

Kwa hivyo kujenga si shida. Shida ni kujua unataka kusema nini. Hapo ndipo wengi hukwama, wakaishia kubadilisha rangi kwa wiki tatu.

Ukurasa wako unahitaji vitu vinne. Cha kwanza, sentensi moja inayosema wewe ni nani na unafanya nini, na wapi. "Napiga picha za harusi na mazishi, Thika na viunga vyake" inatosha. "Mbunifu mwenye maono anayebadilisha dunia" haimsaidii mtu yeyote, hata mama yako. Cha pili, kazi zako tatu bora. Usiweke thelathini. Chini ya kila moja eleza kwa mistari miwili ulifanya nini hasa: mteja alitaka nini, wewe ulitatua vipi. Cha tatu, bei au angalau unaanzia wapi, kwa sababu "njoo inbox" inafukuza wateja wenye haraka. Cha nne, njia moja ya kukupata ambayo kweli unaijibu.

Usiweke nambari ya kitambulisho, usiweke nyumba unayoishi. Na picha za wateja wako, waombe ruhusa kwanza. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na sura ya mtu ni ya mtu.

Mimi mwenyewe niliacha chuo mwaka wa pili. Karo ilikataa, hadithi ndefu. Tangu hapo kila fomu ya kazi ina kile kisanduku cha kiwango cha elimu, na kila nikikijaza najua kinachofuata ni kimya. Kwenye tovuti yangu hakuna kisanduku. Kuna makala zangu, tarehe zake na jina langu. Anayetaka mwandishi anasoma, akipenda anapiga simu. Wengi wa walionipa kazi hawakuwahi kuniuliza nilisomea wapi. Sisemi karatasi hazina maana. Nasema kama huna karatasi, kazi yako lazima ionekane, tena mahali ambapo haizikwi na posti za jana.

Lakini sikia, kuna mitego, na hakuna anayekuonya unapobonyeza kile kitufe cha "anza bure".

Mtego mkubwa ni jina. Ukianza bure, anwani yako itabeba jina la kampuni nyuma ya jina lako. Kwa mwezi wa kwanza ni sawa, lakini ukishaamua unaendelea, nunua jina lako mwenyewe. Majina ya .ke husimamiwa na KeNIC na huuzwa na mawakala waliosajiliwa. Biashara nyingi huchukua .co.ke, na iko pia .me.ke iliyotengewa tovuti za watu binafsi. Gharama ya mwaka mzima hukaribia pesa ambazo wengi wetu tunamaliza kwa bando mwezi mmoja. Muhimu kuliko bei: jina lisajiliwe kwa jina lako na baruapepe yako. Ukimwachia rafiki au yule jamaa wa saiba alisajili kwa baruapepe yake, tovuti ni yake, wewe bado mpangaji. Siku mkikosana ndipo utajua. Na weka ukumbusho kwa simu, maana jina hulipiwa kila mwaka na lisipolipiwa mtu mwingine anaweza kulichukua.

Mtego wa pili ni kutoweza kuhama. Mwaka wa 2009 Yahoo ilifunga GeoCities, mahali ambapo watu wengi duniani walikuwa wamejenga kurasa zao za kwanza. Kwa hivyo hata tovuti ya bure si ngome. Kabla hujapenda templeti yoyote, tafuta jibu la swali moja: nikitaka kuondoka, naweza kubeba nini? Kuna zana zinazokuruhusu kupakua maandishi na picha zako zote, na kuna zingine ambazo ulichojenga hakitoki. Zozote utakazochagua, hifadhi nakala ya maandishi na picha kwingine. Ukiwa na jina lako na nakala yako, zana ikifungwa leo unajenga upya kwingine kesho, na anwani haibadiliki. Mteja hatajua hata kwamba ulihama.

Mtego wa tatu ni uzito. Picha moja ya simu nzuri inaweza kufika megabaiti 4. Ukiweka kumi hivyo hivyo, umemwambia mtu aliye na bando ya shilingi ishirini atumie megabaiti 40 kukutazama. Hatafanya hivyo. Punguza picha kabla ya kuipakia; kwa skrini ya simu, kilobaiti 200 zinatosha kabisa. Hizi zana pia zitakushawishi uweke maandishi yanayoruka, picha zinazoteleza na video inayojicheza yenyewe. Kataa. Mgeni hakuja sarakasi.

Angalia pia kama anwani yako inaanza na https. Bila hiyo vivinjari humwonya mgeni kwamba tovuti si salama, na Mkenya aliyewahi kutapeliwa mtandaoni hatasubiri maelezo. Cheti cha usalama kinapatikana bure kupitia Let's Encrypt, na kampuni nyingi za kuhifadhi tovuti hukiweka zenyewe. Anayekuitisha pesa nyingi kwa hicho tu, muulize maswali.

"Sina laptopu." Nakuelewa, na si kisingizio cha uongo. Zana nyingine hufanya kazi kwa simu, ila kupanga ukurasa kwenye skrini ndogo kunachosha. Fanya hivi: andika maneno yote kwa simu, chagua picha, zipunguze, zitume kwa baruapepe yako. Halafu ingia saiba kwa saa moja au mbili, upange tu. Ukimaliza, ondoka kwenye akaunti yako kabla hujainuka kwenye kiti.

Sitakudanganya kwamba ukichapisha Jumapili, Jumatatu simu itaanza kulia. Tovuti si mganga. Itakaa kimya wiki nyingi. Lakini ni yako, haikuhesabii laiki, haikulazimishi kuposti kila siku ndio uonekane, na mtu akikutafuta saa nane usiku akiwa Mombasa au Minnesota, itamjibu bila wewe kuamka.

Kwa hivyo wikendi hii, usiguse zana yoyote kwanza. Jumamosi chukua karatasi uandike ile sentensi moja na uchague kazi tatu. Jumapili ujenge na uchapishe, hata kama haijapendeza vile ulitaka. Halafu umtumie kiungo mtu mmoja asiyekupenda sana, kwa sababu anayekupenda atakuambia "iko poa". Mwambie aifungue kwa simu yake na aseme, ndani ya sekunde kumi, wewe unafanya kazi gani. Akishindwa, usibadilishe rangi. Badilisha sentensi ya kwanza.