SWAFU YA MBELE SI LESENI

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Leo sisemi juu ya talaka wala juu ya mwezi kuandama. Nasema juu ya pampu ya maji.

Kuna jengo moja mtaani kwetu, la ghorofa tatu, fleti tisa. Silitaji, wenyewe mnalijua. Wenye fleti hawakai pamoja. Wengine wako Maskati, mmoja yuko Dar es Salaam, moja ni ya mayatima na mirathi yao bado haijagawanywa, na moja anakaa mwenyewe, bibi mjane aliyenunuliwa na wanawe ili apumzike. Walitaka mtu wa kukusanya pesa za mlinzi, taa za ngazi, taka na pampu ya kupandisha maji juu. Wakanipigia simu mimi: "Ustadhi, tutafutie mtu mwaminifu." Nikawapa jina papo hapo, hata usiku mmoja sikulifikiria.

Kwa nini nilimtaja yule? Kwa sababu alikuwa akiswali nyuma yangu, swafu ya kwanza, alfajiri, masika na kiangazi. Basi. Sikuwa na sababu nyingine.

Kila fleti ilitoa elfu thelathini kwa mwezi. Fleti tisa ni 270,000. Miaka miwili ni 6,480,000. Mlinzi alilipwa, umeme wa ngazi ulilipwa, sikatai. Kisha pampu ikaungua, fundi akataka laki tisa, na hazikuwepo. Wala halikuwepo daftari la kuonyesha zilizoingia ni ngapi na zilizotoka ni ngapi. Yule bibi akapanda ngazi na ndoo wiki tatu. Siku moja alinisubiri nje ya msikiti baada ya laasiri. Hakunigombeza. Aliniambia tu, "Ustadhi, mimi yule simjui. Mimi nilikujua wewe."

Ndugu yangu, nimesimama kwenye mimbari miaka mingi, na sijawahi kupewa hutuba kama ile.

Nilipomwita yule bwana hakukana. Alilia. Pesa za jengo zilikuwa zikiingia kwenye simu yake, namba ile ile anayopokelea malipo ya vibarua vyake na kutumia ada za watoto. Alikuwa akichukua kwa nia ya kurudisha, anarudisha kidogo, anachukua tena. Mwisho hata yeye hakujua ipi yake na ipi ya watu.

Hapo tusimame kidogo, kwa sababu wengi wetu tunadhani mwizi ni yule anayevunja mlango usiku. Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wanasema mkono wa mtu aliyepewa amana ni mkono wa amana: mali ikipotea bila uzembe wake na bila yeye kuvuka mpaka, halipi. Lakini akiichanganya na mali yake hata isitofautike, hapo hapo anakuwa mdhamini, hata kama hajala senti. Kosa limeanza pale pale kwenye kuchanganya. Kwa hiyo yule bwana alikuwa na deni tangu mwezi wa kwanza, wakati sisi sote tunamsifu.

Na mimi? Kumtaja mtu kwa jina si dhamana ya kisharia, sikuwekeana nao kafala. Nilichangia pampu ile kwa sababu ya uso wa yule bibi.

Mnakijua kisa cha Sayyidna Umar (r.a.) na mtu aliyekuja kumshuhudia mwenzake. Umar alimuuliza kama ni jirani yake anayeona kuingia na kutoka kwake. Hapana. Je, amewahi kusafiri naye? Hapana. Je, amewahi kushughulika naye kwa dinari na dirhamu? Hapana. Umar akamwambia huenda alimwona msikitini tu, akiinama na kuinuka, na kwamba basi mtu huyo hamjui. Kisa hiki nimekihadithia mara ngapi darsani! Lakini nilipopigiwa simu, nilifanya lile lile alilolikataza Umar.

Na tazameni Nabii Yusuf (a.s.), katika sura iliyobeba jina lake, aya ya 55. Alipoomba kuwekwa juu ya hazina za Misri alitaja sifa mbili: kwamba ni mwenye kuhifadhi na kwamba ni mjuzi. Uaminifu na ujuzi. Sisi tunauliza uaminifu peke yake, na hata huo tunaupima kwa kanzu.

Sasa nije kwenye sheria, maana hili si la msikiti peke yake. Wazee wa Tanga wanakumbuka mwaka 1971 yalipotaifishwa majumba, maghorofa ya mjini yakawa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 yakaingia Shirika la Nyumba la Taifa. Miaka yote ile mpangaji wa ghorofa alikuwa na mwenye nyumba mmoja, serikali, na ofisi moja ya kwenda kulalamika. Kisha ikaja sheria ya mwaka 2008 ya hati za sehemu za majengo. Kwa sheria hiyo mtu anaweza kuwa na hati ya fleti yake peke yake, na ngazi, paa, uwanja na tangi vikawa vya wote. Wenye fleti wanatakiwa wawe na chama chao chenye kanuni, na kila mmoja achangie gharama za vile vya pamoja. Wenzetu wa Zanzibar walitunga ya kwao mwaka 2010. Ni sheria nzuri. Lakini yule mtu anayeshika kapu la michango ya wote haambiwi akafanye mtihani, wala hakuna bodi ya kumfutia jina akiharibu.

Fikiria. Anayeendesha bodaboda anatakiwa awe na leseni ya udereva. Mthamini anayekuandikia nyumba yako ina thamani gani ana bodi ya kumsajili kwa sheria ya mwaka 2016. Anayeshika mamilioni ya watu tisa, wakiwemo mayatima, anahitaji simu tu. Mtaniambia ipo leseni ya biashara. Hiyo ni ruhusa ya kufungua ofisi na kulipa kodi, haisemi kama unajua kuweka hesabu. Wizara ya Ardhi imezungumzia zaidi ya mara moja kutunga sheria ya kusimamia sekta hii ya nyumba na madalali. Mimi naiunga mkono, na nataka Waislamu tuiunge mkono tukijua tunachotaka kiwemo ndani.

Ndugu zetu walioko Dubai wanajua. Kule michango ya majengo ya pamoja inaingia kwenye akaunti ya peke yake, kiwango chake kinapitishwa na mamlaka ya serikali, na kampuni ya kusimamia lazima ikubaliwe na mamlaka hiyo hiyo. Unakaa Deira unalipa bila wasiwasi, halafu nyumba yako ya Chumbageni unamkabidhi binamu kwa maneno ya simu! Kenya nao wana bodi ya kusajili mawakala wa nyumba tangu miaka ya 1980. Matapeli bado wapo, lakini aliyetapeliwa ana pa kuuliza kama mtu huyo amesajiliwa.

Kuna kijana mmoja dalali, namheshimu, aliniambia: "Ami, leseni itakuja na ada, ada itakuja na kitu kidogo, na sisi tunaotembea juani tutakosa riziki." Ana haki ya kuogopa. Jibu langu ni kwamba leseni imfuate anayeshika pesa. Kijana anayekuonyesha nyumba, akapata kodi ya mwezi mmoja ndiyo udalali wake, hakushikia kitu chako. Mwandikisheni jina kwa ada ndogo, muacheni. Lakini anayekusanya kodi za watu na michango ya jengo, huyo afundishwe, apimwe, awe na akaunti ya jengo isiyo na jina lake, atoe hesabu kila mwaka, na akivunja amana asipewe jengo lingine mkoa mwingine.

Na liwemo la zawadi. Msimamizi anamleta fundi wake, fundi anaandika laki tisa kazi ya laki sita, kisha anamrudishia msimamizi "ya soda". Watu wanaita ujanja wa mjini. Yule mtu aliyetumwa na Mtume (s.a.w.) kukusanya zaka, Ibn al-Lutbiyya, alirudi akasema hiki ni chenu na hiki nimezawadiwa. Mtume alipanda mimbari kulikemea jambo hilo mbele ya watu, akauliza kwa nini asingekaa nyumbani kwa baba yake na mama yake aone kama angeletewa. Imo katika Bukhari na Muslim. Jiulize: fundi angekuletea ile soda kama usingekuwa na ufunguo wa jengo?

Tanga inabadilika. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima linaishia Chongoleani, bandari imepanuliwa, wageni wanatafuta pa kukaa, na kila ukipita Sahare au Raskazone unaona nguzo za ghorofa zinasimama. Fleti zitaongezeka, na mayatima wenye fleti wataongezeka.

Kwa hiyo kabla sheria haijafika, ninyi mnaomiliki fleti fanyeni haya mwezi huu. Fungueni akaunti ya benki yenye watia saini wawili au watatu. Andikeni mkataba na msimamizi, mshahara wake ujulikane, maana asiyelipwa atajilipa. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Al-Baqara 282, inahusu kuandikiana, na sisi tunaona haya kumwambia mtu wa swala tano atoe risiti! Hesabu ibandikwe ukutani kwenye ngazi, kila mwezi.

Na msinipigie simu tena kuniuliza fulani ni mwaminifu. Nitawauliza nilichotakiwa kuulizwa mimi: mmewahi kushughulika naye kwa pesa?

Jengo lile sasa lina pampu mpya. Yule bwana anarudisha kidogo kidogo, elfu hamsini kila mwisho wa mwezi, na inaandikwa. Bado anaswali swafu ya mbele, msimwonyeshe kidole.

Jumamosi baada ya isha tutakaa msikitini. Kuna kijana wetu wakili atatusomea ile sheria ya 2008 kwa Kiswahili, hasa sehemu ya chama cha wenye fleti. Kina mama mtakuwa upande wenu, njooni, kwa sababu ndoo mnabeba ninyi. Njooni na mikataba yenu, na asiyekuwa nayo aje vile vile.

Wabillahi tawfiq.