Mtoto wa chandimu na somo la fizikia

Mvua za Rungwe hazingoji mechi iishe. Mtoto aliyekulia Tukuyu amecheza chandimu kwenye nyasi zilizolowa mara nyingi, na hakuna aliyemfundisha kwamba siku hiyo pasi ya chini hukimbia kuliko alivyokusudia. Mtoto huyohuyo akifika sekondari, hurudi nyumbani akisema fizikia haimwingii. Mzazi humjibu kwa huruma: "Liache tu, hata sisi somo hilo lilitushinda."

Jibu hilo ni la upendo, lakini lina gharama. Anayetamani uhandisi au udaktari hawezi kulikwepa somo la fizikia. Tena mara nyingi kinachomkwamisha mtoto ni lugha. Katika shule ya msingi ya serikali alisoma msuguano na kani kwa Kiswahili; sekondari mambo yaleyale yanamjia kwa Kiingereza. Mzazi asiyejua lugha hiyo hudhani hana msaada wowote. Kumbe anao, na unaanzia uwanjani.

Uanze na msuguano, yaani nguvu inayozuia vitu vinavyogusana visiteleze. Maji yakikaa kati ya mpira na nyasi, msuguano hupungua na mpira hukawia kusimama. Mchezaji naye huteleza, ndiyo maana huvaa njumu. Uzito wake badala ya kubebwa na soli nzima hubebwa na meno machache, nayo huzama kwenye udongo na kushika. Darasani hiyo huitwa kanieneo: nguvu ileile ikiwekwa kwenye eneo dogo, hukandamiza zaidi. Mtoto aliyelima anaielewa mara moja, kwa sababu jembe lililonolewa huingia ardhini kuliko jembe butu.

Kisha amtazame kipa. Shuti kali likija, kipa mzuri huupokea mpira huku akiirudisha mikono kifuani. Kwa kufanya hivyo, mpira huchukua muda mrefu kidogo kusimama, na nguvu inayopiga viganja hupungua. Anayekakamaza mikono huumia, au mpira humponyoka. Ni sababu ileile inayomfanya mtu anayeruka kutoka juu akunje magoti anapotua.

Mpira wenyewe pia ni somo. Ule wa makaratasi na matambara ukiangushwa, hubonyea na kubaki chini, maana nishati yake karibu yote hupotelea ndani yake na kugeuka joto kidogo. Ule wa upepo hudunda kwa sababu hewa iliyobanwa hujitanua tena na kuusukuma juu.

Zikifika hesabu, yupo Filbert Bayi. Mwaka 1974 huko Christchurch, New Zealand, Mtanzania huyo alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akaweka rekodi ya dunia. Dakika hizo zikigeuzwa kuwa sekunde ni 212.2. Mita 1,500 zikigawanywa kwa 212.2, jibu ni kama mita 7 kwa kila sekunde. Huo ndio mwendokasi wake wa wastani. Mzazi anaweza kupima mita 50 za njia na kumwacha mtoto akimbie huku saa ya simu ikihesabu. Akitumia sekunde 10, mwendokasi wake ni mita 5 kwa sekunde. Mtoto atataka kurudia ili amkaribie Bayi, na kila akirudia atagawanya upya.

Mzazi hahitaji kujua majibu yote. Wazee wanaoikumbuka Tukuyu Stars ilipotwaa ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1986 wana visa vya kutosha vya kuanzia maswali: kwa nini pasi ile ilipitiliza, kwa nini kipa aliutema mpira. Mtoto ajibu kwanza kwa Kiswahili au Kinyakyusa mpaka aeleweke. Baada ya hapo achukue daftari, aandike neno lake upande mmoja na neno la Kiingereza la mwalimu upande wa pili. Akikutana na neno hilo kwenye mtihani, atakuwa na kitu cha kukumbuka: utelezi, kipa na mpira aliowahi kuucheza.