Msanii Mkongwe Apimwe kwa Kazi, Si kwa Umri

Kila mara bendi ya The Rolling Stones inapotangaza ziara au kutoa albamu, mashabiki wa muziki wa roki hugawanyika pande mbili. Wapo wanaosema kuwa wazee hawa wa Uingereza, walioanza kutumbuiza jijini London mwaka wa 1962, wamepitwa na wakati na yafaa wawaachie vijana jukwaa. Wengine hushikilia kwamba maadamu wakongwe hao wanajaza viwanja, hakuna mwenye haki ya kuwauliza lolote. Kwa maoni yetu, pande zote mbili zinatumia mizani mbovu.

Wanaotaka bendi hii istaafu hawakosi la kutaja. Mwimbaji Mick Jagger na mcharaza gitaa Keith Richards walizaliwa mwaka wa 1943. Walipozuru Marekani na Kanada mwaka wa 2024, kila mmoja akiwa na umri wa miaka 80, mdhamini wa ziara yao alikuwa AARP, shirika la Marekani linalotetea maslahi ya watu waliotimiza miaka 50 na zaidi. Wenye kejeli wangetaka nini zaidi? Hata hivyo, umri peke yake si hoja. Anayeukataa wimbo kwa sababu aliyeuimba ni mzee hajausikiliza wimbo huo. Amesoma cheti cha kuzaliwa tu. Wahenga walinena kuwa kipya kinyemi ingawa kidonda, nao walijua jinsi upya unavyoweza kumpumbaza mtu.

Isitoshe, historia ya bendi yenyewe inawasuta wenye fikira hizo. Jina lake lilitokana na wimbo wa Muddy Waters, mwanamuziki Mweusi aliyekuwa nguzo ya muziki wa bluzi mjini Chicago. Mwaka wa 1965, walipoalikwa katika kipindi cha televisheni cha Shindig! nchini Marekani, vijana hao wa London walisisitiza kwamba Howlin' Wolf, gwiji mwingine wa Chicago, aimbe pia. Wolf alikuwa na umri wa miaka 54, na vijana wengi weupe wa nchi hiyo hawakuwa wakimjua. Wageni ndio waliowaonyesha wenyeji lulu iliyokuwa uani mwao. Lau wangeuliza kwanza iwapo mzee huyo angali na maana, wangekosa mwalimu, nasi pengine tusingekuwa na mjadala huu leo.

Hapana shaka, basi, kwamba jungu kuu halikosi ukoko. Lakini wanaoitetea bendi hii kwa kuhesabu tikiti zilizouzwa nao wamekosea. Kati ya albamu ya A Bigger Bang ya mwaka wa 2005 na Hackney Diamonds ya mwaka wa 2023, ilipita miaka 18 bila bendi hiyo kutoa albamu ya nyimbo mpya za kutunga wenyewe. Ile ya Blue & Lonesome, iliyotoka mwaka wa 2016, ilikuwa ya nyimbo za bluzi za watu wengine. Katika kipindi hicho bendi ilifanya ziara na mashabiki hawakuacha kufurika. Kumbe uwanja unaweza kujaa ilhali ghala la msanii halijaongezwa hata pishi moja.

Je, lawama ni ya wanamuziki pekee? Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Shabiki anayeshangilia nyimbo za miaka ya sitini na sabini, kisha akaondoka kwenda kununua soda wimbo mpya unapoanza tu, hana haki ya kulalamika kwamba wakongwe hawabuni tena. Msanii huzeeka upesi zaidi anapozungukwa na watu wasiotaka kumsikia akijaribu jambo jipya.

Ndiyo maana albamu ya mwaka wa 2023 inastahili kusikilizwa kwa makini. Ilishinda tuzo ya Grammy ya albamu bora ya roki mwaka wa 2025, lakini sifa yake kubwa haimo katika tuzo. Mpiga ngoma Charlie Watts alifariki mwaka wa 2021 akiwa na umri wa miaka 80, na ngoma zake alizorekodi kabla ya kifo zinasikika katika nyimbo mbili. Mtayarishaji wake, Andrew Watt, alizaliwa mwaka wa 1990, wakati ambapo bendi hiyo ilikuwa imekwisha kutimiza miaka 28. Wimbo wa mwisho ni ule ule wa Muddy Waters uliowapa jina. Hapa pana wazee waliomkumbuka mwenzao aliyetangulia, wakakubali kuongozwa na kijana, na hawakumsahau aliyewafunza. Msanii wa namna hiyo hajapitwa na wakati.

Mjadala kama huu huzuka pia madarasani, tunapozungumzia waandishi na washairi wa zamani. Mwanafunzi anayedai kuwa wakongwe wamepitwa na wakati na ataje kazi yao moja aliyoisoma au kuisikiliza hadi mwisho. Naye mwalimu anayewatukuza na ataje jambo moja jipya alilolipata kwao mwaka huu.