Kumtetea Shabiki wa Kolandoto

Imekuwa ada miongoni mwa wasomi, kila timu kubwa inapofungwa na mtu mzima akaonekana akitokwa na machozi hadharani, kuuliza kwa kejeli: huyu ana nini? Hakucheza, hakulipwa, wala wachezaji hawamjui kwa jina. Kisha hukumu hupitishwa: ushabiki ni maradhi ya wasio na kazi, na mpira ni kileo cha maskini. Hukumu hiyo ni nyepesi, na aghalabu hutolewa na watu ambao hawajapata kulipa kiingilio hata siku moja. Inastahiki kukatiwa rufaa.

Rufaa na ianzie kwenye maneno, kwa kuwa dharau hii imejificha humo. Neno la Kiingereza la shabiki limefupishwa kutoka neno lenye asili ya Kilatini, lililomhusu mtu wa hekaluni aliyepagawa na mungu wake. Waitaliano humwita tifoso, neno lenye asili moja na jina la homa kali inayomtia mgonjwa weweseko. Uruguay na Argentina humwita hincha, yaani mjaza upepo, na husimuliwa kwamba jina hilo lilitokana na mtumishi mmoja wa klabu ya Nacional ya Montevideo, ambaye kazi yake ilikuwa kuijaza mipira pumzi na ambaye kelele zake zilisikika uwanja mzima. Katika majina hayo matatu, mawili ni ya kuugua na moja tu ni la kufanya kazi. Hilo la tatu ndilo la haki. Pasipo wa kuujaza, mpira ni kipande cha ngozi.

Mfano wake na atazamwe mtu wa Kolandoto. Mahali hapo pako nje kidogo ya mji wa Shinyanga, katika nchi ya Wasukuma, na wengi hupajua kwa hospitali yake ya misheni iliyoanza mwaka 1913. Kutoka huko hadi Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, ni safari ya kilomita zipatazo elfu moja. Shabiki wa Simba au wa Yanga aishiye huko huenda akazeeka asiwaone kwa macho yake wale anaowapigania kwa ulimi kila siku. Humsikiliza mtangazaji redioni, au hulipa vijisenti vyake katika kibanda umiza, akabanana na wenziwe kwenye benchi la mbao, jasho likimtiririka, mbele ya televisheni moja. Akishinda, hana tuzo ila haki ya kutamba kesho sokoni. Akishindwa, kesho hiyo hiyo hana pa kujificha.

Na kushindwa kwenyewe si kwa mchezo. Mwaka 2023 Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Ilifungwa 2-1 nyumbani na USM Alger, ikaenda Algiers ikashinda 1-0, na bado ikalikosa kombe kwa kanuni ya bao la ugenini. Mshabiki wake alilala ameshinda na ameshindwa usiku mmoja. Miaka miwili baadaye ikawa zamu ya mtani. Simba ilifungwa 2-0 na RS Berkane huko Morocco, na marudiano yakachezwa hapa Unguja, Uwanja wa Amaan, tarehe 25 Mei 2025, yakaisha 1-1. Kwa mkongwe wa Simba kidonda kilikuwa cha zamani, kwani mwaka 1993 timu yake ilikwisha kulipoteza Kombe la CAF mbele ya Stella Abidjan, tena Dar es Salaam, baada ya sare ya ugenini. Miaka 32 ya kungoja, na jibu likawa lile lile. Hata hivyo msimu uliofuata alirudi kwenye benchi lake. Mcheza kamari hubadili timu kila anapojaza mkeka, shabiki habadili. Katika biashara nzima ya mpira, mchezaji huuzwa, kocha hufukuzwa, mfadhili huondoka. Ni shabiki peke yake asiyehama.

Watasema: huo ndio upumbavu wenyewe. La, huo ni utamaduni, na ni mkongwe kuliko mpira. Wasukuma kwa vizazi kadhaa wamegawika katika vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, ambavyo baada ya mavuno hupambana vikicheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watazamaji wengi zaidi. Yaani mtazamaji ndiye mwamuzi. Miguu yake ndiyo kura. Huku visiwani, Makunduchi huukaribisha mwaka kwa pande mbili kuchapana kwa migomba, na baada ya hapo wakala pamoja. Mtu aliyelelewa katika mila kama hizi hahitaji kufundishwa Simba na Yanga ni nini. Kiswahili chenyewe kimekwisha kumaliza hoja: hakikuwaita mahasimu hao maadui, kimewaita watani wa jadi. Utani una sheria zake. Mtani hukutukana leo na kukuzika kesho.

Basi aibu iko wapi? Iko kwa wale wanaomfanya mlinzi huyu wa mila kuwa mtaji. Tarehe 8 Mei 2021 mchezo wa watani uliopangwa kuanza saa 11 jioni ulisogezwa hadi saa 1 usiku, siku ile ile, watu wakiwa njiani na wengine wamekwisha kuingia uwanjani. Yanga ilifika kwa saa ya awali ikaondoka, Simba ilifika kwa saa mpya, na mpira haukupigwa. Ungedhani somo lilieleweka. Tarehe 8 Machi 2025 mchezo wa watani hao hao uliahirishwa siku yenyewe, baada ya Simba kusema ilizuiwa kufanya mazoezi uwanjani usiku uliotangulia, na haukuchezwa hadi tarehe 25 Juni. Viongozi walibishana juu ya kanuni, na kila upande ulikuwa na kifungu chake. Aliyepanda basi kutoka Kanda ya Ziwa, akalala njiani, hakuwa na kifungu. Mwaka 2021 haki za kuonyesha ligi ziliuzwa kwa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka kumi. Kilichouzwa pale si nyasi wala magoli. Yameuzwa macho ya watu wa Kolandoto. Mwenye macho hakualikwa mezani.

Lakini wakili mwaminifu humwambia mteja wake ukweli. Shabiki huyu naye ana deni, na liko jirani na mlango wake. Shinyanga ilikuwa na timu mbili katika Ligi Kuu: Stand United, iliyozaliwa na watu wa stendi ya mabasi, na Mwadui, timu ya mgodi wa almasi. Januari 2019, katika Uwanja wa Kambarage, Stand United iliifunga Yanga ambayo ilikuwa haijapoteza mchezo msimu ule. Msimu huo huo Stand ikashuka daraja. Oktoba 2019 Mwadui iliifunga Simba hapo hapo Kambarage. Mwaka 2021 nayo ikashuka. Geita Gold ilipanda mwaka huo, ikashika nafasi ya nne, mshambuliaji wake George Mpole akawa mfungaji bora kwa mabao 17, ikacheza mashindano ya Afrika. Mwaka 2024 ikashuka. Na vigogo wa Dar es Salaam walipokuja Kambarage, majukwaa yalijaa watoto wa Shinyanga waliovaa rangi za mgeni.

Nchi hii imezoea kutoa. Almasi ya Mwadui imekwenda, dhahabu ya Geita imekwenda, pamba imekwenda. Hayo yalichukuliwa na wenye mashine na mikataba. Mapenzi hayakuchukuliwa na mtu. Yamepelekwa Kariakoo kwa hiari, yote, pasi na kubakisha hata kibaba cha nyumbani.

Hapa hakuna anayetakiwa kuiacha Simba wala Yanga. Moyo una nafasi ya wawili, kama mtoto alivyo na baba na mjomba. Linalotakiwa ni mambo mawili. Kwanza, shabiki ahesabiwe. Mchezo ukiahirishwa kwa uzembe wa wakubwa, alipwe nauli na kiingilio kabla ya wakubwa hao kuitana vikaoni. Na pale klabu zinapotangaza kwamba asilimia 51 ni mali ya wanachama, mwanachama wa tawi la Kolandoto apewe mahesabu yake, si fulana. Pili, yeye mwenyewe siku moja kwa wiki akae Kambarage upande wa mwenyeji, hata kama wanaocheza ni wa daraja la chini na jukwaa ni tupu. Huko Usukuma ngoma hushindwa kwa kukosa watu, si kwa kukosa wachezaji. Hilo mtu wa Kolandoto alilijua kabla ya wote, na hana udhuru wa kulisahau.