Usiicheke klachi, Kilangala utapanda nyuma!

Wiki hii tuweke pembeni mapenzi na mavazi, tuongee gia. Ndiyo, gia! Ile fimbo iliyosimama katikati ya viti, ambayo watoto wa mjini siku hizi wanaiona ni mambo ya wazee. Mwambie mtu wa Sinza umenunua gari ya gia za mkono, atakuuliza kama hela ya auto ilipungua.

Siwalaumu. Foleni ya Mwenge ukiwa na klachi ni adhabu, goti linalia asubuhi na jioni. Auto ni raha mstarehe: unatia D, unaendelea na umbeya wako. Tatizo ni moja tu, Tanzania haiishii Mbagala.

Shika barabara ya kusini, vuka Rufiji kwenye Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003, pita Somanga, pita Nangurukuru, iache Wilaya ya Kilwa. Ukifika pande za Kilangala mkoani Lindi, ukisema gari watu wanaelewa pikapu. Na ukisema pikapu, wengi wanaelewa Land Cruiser, mzee wa kazi. Inabeba ufuta, korosho, muhogo na nazi. Jumamosi inabeba ngoma ya harusi, Jumapili inakimbiza mgonjwa. Nyingi ni kongwe kuliko vijana wanaozipakia, na karibu zote ni za gia za mkono.

Kuna kisa nilikishuhudia huko msimu wa ufuta. Kijana mmoja alitoka Dar na leseni inayong'aa, kaja kuomba udereva. Bonge la kijana, miwani meusi, kofia nyuma mbele. Mzee mwenye gari akamtupia ufunguo.

“Mwanangu, hebu isogeze hiyo tupakie.”

“Shikamoo mzee. Leseni ninayo, ila mimi nimezoea auto.”

“Marahaba. Basi leseni yako ni ya nusu gari.”

Watu walicheka, lakini mwenzenu hakucheka, maana pale ndipo kazi ilipoondoka. Utingo, ambaye gia alijifunza kwa kusogeza-sogeza gari ghalani, akapewa usukani baada ya kwenda kutafuta leseni. Yule wa Dar alirudi barabarani juu ya magunia. Mkate wa msimu mzima umepotea kwa sababu ya mguu wa kushoto!

Sasa mtaniuliza, kwa nini huko waing'ang'anie gia za mkono? Siyo ushamba. Masika njia ya shambani inakuwa uji, na dereva anataka achague mwenyewe gia ya kutokea, siyo gari imchagulie. Betri ikilegea, vijana wanasukuma, unatia gia ya 2, unaachia klachi, gari inashtuka. Auto utaisukuma mpaka Lindi mjini na haitawaka. Na klachi pleti ikiisha, fundi anashusha giaboksi chini ya mwembe, anabadilisha, kesho mnapakia. Giaboksi ya auto ikigoma huko, mara nyingi safari yake ni kuburutwa mpaka kwa fundi wa mjini. Na barabara yenyewe haina uhakika. Mei 2024, mvua zilizofuatana na Kimbunga Hidaya ziliikata barabara hii ya kwenda Dar sehemu kadhaa wilayani Kilwa. Siku hiyo utamsubiri nani alete spea?

Ila mtu wangu, mali hii inaadimika. Huko Marekani, nchi ya mapikapu makubwa, Ford iliacha gia za mkono kwenye Super Duty baada ya modeli ya 2010. Ram ikabaki peke yake kwenye pikapu za kazi nzito, nayo ikafunga kazi na modeli ya 2018. Japani, tunakotoa mitumba yetu, Hilux ilisimama kuuzwa kwa Wajapani wenyewe mwaka 2004, na iliporudi mwaka 2017 ilikuja na auto tu. Land Cruiser 70 nayo ilirudi madukani kwao Novemba 2023, auto tupu! Kwa hiyo anayesubiri mitumba ya kesho ya Japani imletee pikapu ya klachi, atasubiri sana.

Ndiyo maana wajanja wanawinda zile za zamani: Land Cruiser 75 za miaka ya 80 na 90, na 79 iliyoanza mwaka 1999, hasa yenye injini ya 1HZ, dizeli ya silinda 6, lita 4.2, gia 5. Zinapatikana kwenye minada, serikalini na kwenye miradi iliyokwisha. Lakini zimeshapigwa kazi, usinunue rangi!

Fanya hivi. Gari ikiwa tambarare, vuta hendibreki, tia gia ya 3, achia klachi taratibu ukigusa mafuta kidogo. Injini ikizimika, klachi inashika. Ikiendelea kuunguruma kama hakuna kilichotokea, klachi imeisha. Ukikanyaga klachi ukasikia kelele, shuku beringi ya klachi. Kelele ikiwepo ukiwa nyutro na kupotea ukikanyaga, shuku giaboksi yenyewe, na hapo mfuko utalia. Kwenye mteremko achia mafuta uone kama gia inachomoka. Halafu jaribu ile fimbo ndogo ya pembeni, ya kuvutia magurudumu yote manne. Muuzaji akikwambia “hiyo huwa haitumiki”, jua haifanyi kazi. Fungua na nati ya oili: ukiona vipande vya chuma, aga kwa heshima uondoke.

Sisemi muuze auto zenu. Endesheni, jidaini, foleni ipo. Ninachosema, ukienda kujifunza udereva, jifunze klachi kwanza. Aliyejua klachi anapanda auto siku hiyo hiyo, lakini aliyejua auto peke yake akikabidhiwa pikapu ya Kilangala anaanza moja. Mjini hapa ajira ni za kugombea, na huko kusini kuna magari yanayosubiri dereva kila msimu wa korosho ukifika Oktoba. Ni aibu kukosa kazi eti kwa sababu pedali zilikuwa tatu.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda. Na wewe wa Sinza, mguu wa kushoto nao ni mguu, upe kazi!