Wufa Kucheza Siyo Besi, Hiyo Ni Spika Inalia!

Kuna DJ mmoja wa zilipendwa pande za Mwenge, jina kapuni, anapenda sana kurusha vipande vya video mtandaoni. Santuri inazunguka, simu inasogezwa kwenye spika, wufa inaingia na kutoka kama kifua cha mtu aliyetoka kukimbizwa na mbwa. Mashabiki wanamwaga moto: "Besi la hatari!"

Jamani, ile siyo besi. Sikio la binadamu linaanza kusikia kwenye mitetemo kama 20 kwa sekunde. Wufa ikicheza taratibu mpaka unaweza kuihesabu kwa macho, hapo hakuna anayesikia kitu. Mara nyingi ni santuri imepinda. Ile kubwa ya mizunguko 33 kwa dakika inamaliza raundi moja kwa sekunde 1.8 hivi, na kila raundi sindano inapanda kilima na kushuka. Amplifaya haijui, inadhani ni muziki. Tena santuri huchongwa besi ikiwa imepunguzwa, halafu inakuzwa upya wakati wa kupiga, na kilima kinakuzwa humo humo.

Matokeo yake nguvu ya amplifaya inapotea bure na sauti inakuwa na matope. Spika zenye tundu ndiyo zinaumia zaidi, maana huko chini kabisa hakuna kinachoizuia wufa. Koili ikigonga au ikiungua, safari ya kwa fundi imeiva. Na bili anabeba mwenye baa, siyo aliyechukua video.

Wapo wanaosema anunue mashine mpya. Ya nini? Kwanza aitoe pleya juu ya spika, maana mtetemo wa spika unarudi kwenye sindano na kuzunguka tena. Aiweke mbali, juu ya kitu kizito kisichotikisika. Pili, kama amplifaya ina kitufe kilichoandikwa "subsonic", akibonyeze. Asiogope kupoteza besi: noti ya chini kabisa ya gitaa la besi la nyuzi nne ni mitetemo kama 41, kwa hiyo wimbo unabaki mzima.

Tatu, santuri zisimame wima, mbali na jua. Joto la Dar kila mtu analijua, ukiziacha kwenye gari mchana umeziua. Na hizi siyo za kuchezea. Santuri nyingi za bendi zetu za miaka ya 1960 na 1970 zilitengenezwa Nairobi, na nyingi hazijatolewa tena. Ikiharibika, huendi Kariakoo kuchukua nyingine.

DJ wetu ana sikio zuri na nyimbo anazijua, hilo halina ubishi. Ila video ijayo wufa itulie, wacheze watu.

Mdau, wewe unaonaje? Tiririka hapo chini.